Shemeji Haoni, Kipanya cha Nini?

Mwezi uliopita nilikwenda Puge, pale njiani kati ya Nzega na Tabora, kumtembelea shoga yangu niliyesoma naye chuo. Mumewe haoni. Hurekodi wazee wakisimulia habari za babu zao wapagazi, wale Wanyamwezi waliobeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo, kisha huzihariri kwenye kompyuta.

Shida ni kwamba programu aliyowekewa na fundi ilidai kipanya kwa kila kitu. Basi mkewe ndiye akawa kipanya.

"Kata hapo. Siyo hapo mama, rudi nyuma kidogo!" Hiyo ni saa nne usiku, dada wa watu katoka kazini hoi. Siku moja akafuta kikohozi cha mzee, na jina la babu likaenda nacho. Kwenye simu walishafuta. Wakanuniana siku mbili.

"Hivi mimi ni mke au mashine?" aliniuliza jikoni.

Jamani, kabla ya kugombana, muulizeni fundi swali moja tu: hii inatumika kwa kibodi peke yake? Programu inaweza kupendeza machoni, lakini kama vitufe vyake havina majina, asiyeona husomewa "kitufe, kitufe, kitufe" mpaka achoke.

Tulianza na NVDA, inayosoma skrini kwa sauti. Ni ya bure. Waliianzisha Waaustralia wawili mwaka 2006, Michael Curran na James Teh, wote hawaoni. Inasoma hata Kiswahili (lafudhi yake tuiache kwanza). JAWS nayo ni nzuri, ila inalipiwa. Kisha tukaweka Audacity, bure pia. Herufi R inarekodi, kitufe kirefu cha chini kinacheza. Sauti ikiendelea, unabonyeza [ kipande kinapoanza na ] kinapoishia, unasimamisha sauti, halafu Delete. Kwisha kazi! Mwenye kuchanganya sauti nyingi ajaribu REAPER kwa siku 60 kabla ya kulipa, lakini asisahau kuongeza OSARA, kazi ya huyohuyo Teh. Bila hiyo atapapasa sana.

Usiku ule shemeji alivaa hedifoni, akakaa mezani peke yake. Shoga yangu akavuta kiti.

"Umefikia wapi?"

"Nenda kalale mama. Utasikia kesho."

Akabaki kasimama mlangoni, hajui acheke au anune.