Ziwa Tanganyika Halikuwa Ukuta

Yapo maelezo yaliyorudiwa madarasani mpaka yakazoeleka: kwamba jiografia iliifunga Afrika. Sahara kaskazini, pwani yenye bandari chache, mito ya maporomoko, misitu minene; basi jamii za kale za bara zikakaa kila moja kivyake, zikimngoja mgeni. Mtoto wa Kabonga, kusini mwa Burundi, anafundishwa haya huku mbele yake kuna ziwa lenye urefu wa kilomita 673, Tanzania ikiwa jirani upande wa kusini na milima ya Kongo ikionekana ng'ambo. Mwambao huu, kutoka Kabonga hadi Rumonge na kupanda juu, unayakanusha madai hayo karibu yote.

Wanasema maporomoko yalizuia safari. Ni kweli kwamba hakuna chombo kilichoweza kutoka Ziwa Tanganyika kikaelea hadi baharini. Lakini nani alisema safari haihesabiwi mpaka ifike baharini? Huko Uvinza, mashariki ya Kigoma, wanaakiolojia walichimba mwaka 1967 kwenye chemchemi za maji ya chumvi, wakakuta watu walikuwa wakiyachemsha maji hayo tangu takriban karne ya 5 au ya 6. Chumvi ni bidhaa ya kusafiri: anayeitoa ardhini hawezi kuila yote, na asiyekuwa nayo ataifuata. Kufikia karne ya 19, chumvi, mawese, samaki wakavu na majembe vilibadilishana mikono katika gulio la Ujiji, karibu na Kigoma, ambako shanga zilitumika kama fedha. Mitumbwi ilikatiza ziwa hadi Uvira, upande wa Kongo, na ikarudi. Hao si watu waliofungiwa.

Wanasema chuma kililetwa na wageni. Katika nyanda za juu za Burundi, Marie-Claude Van Grunderbeek na Emile Roche walifukua tanuri za kuyeyushia chuma, pamoja na vyungu vya aina ya Urewe, jina lililotokana na eneo la Urewe magharibi mwa Kenya. Tarehe za mwanzo kabisa za tanuri hizo bado zinabishaniwa na wataalamu, nami sitaziegemea. Hata ukiziweka kando, zinabaki tanuri zenye umri unaozidi miaka 1,500. Na chuma hakiyeyuki kwa bahati: lazima kuwe na anayejua udongo wa kufinyangia tanuri, mti unaotoa makaa makali, na namna ya kuvukuta hewa bila kukatisha.

Kwamba historia ya eneo hili ni fupi, jibu lake ni Kalambo, mpakani mwa Tanzania na Zambia, kwenye mto unaomwaga maji yake katika ziwa hili hili. Mwaka 2023 watafiti walitangaza magogo mawili yaliyochongwa yakashikana, ya takriban miaka 476,000 iliyopita.

Dai linaloniudhi zaidi ni kwamba ziwa "liligunduliwa" mwaka 1858 na wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke. Mwezi Aprili mwaka huo walipita mwambao huu wa Burundi katika mitumbwi ya kukodi, wakipigiwa makasia na watu wa Ujiji waliojua pa kulala na pa kuvukia. Burton alitamani sana Mto Rusizi uwe unatoka ziwani kwenda kaskazini, kwani hapo angepata chanzo cha Nile. Huko Uvira wenyeji walimwambia wazi: Rusizi unaingia ziwani. Wageni hao hawakufika mlangoni mwa mto, na swali likaendelea kujadiliwa Ulaya hadi Novemba 1871, David Livingstone na Henry Morton Stanley walipokwenda wakaona maji yakiingia, kama walivyosema watu wa Uvira. Miaka 13 ya mjadala juu ya jambo ambalo kila mvuvi wa kule alilijua! Elimu hiyo ya maji ilikuwa jiografia kamili, ila haikuandikwa kwa wino.

Limebaki dai dogo, nalo nalisikia hata Rumonge kwenyewe: kwamba michikichi ililetwa na Wabelgiji. Mashamba makubwa ya mistari ni ya juzi, hilo sawa. Lakini Burton aliandika habari za michikichi na mawese ya Ujiji katika safari ile ile ya 1858, na majeshi ya Ubelgiji yaliingia Burundi mwaka 1916.