Sikio Nalo Hufundishwa

Ndugu zangu wa Parklands, ingieni Diamond Plaza jioni ya Jumamosi. Hujapata kiti, wahudumu wameshakuzunguka na menyu zao, kila mmoja akinadi kibanda chake. Watoto wanalia, sufuria zinagongana, muziki umefunguliwa. Kijana anashika sauti moja katika zote na kuagiza bhajia. Babu yake anatabasamu na kutikisa kichwa tu, hakuambulia neno. Wakirudi nyumbani watu husema mzee amekuwa kiziwi.

Basi mbona kwenye utulivu mzee huyohuyo huongea nanyi vizuri? Kusikia sauti ni jambo moja, kuchambua usemi katikati ya vurugu ni jingine. Kazi hiyo ya pili sikio haliifanyi peke yake. Ubongo ndio unaochagua lipi lishikwe na lipi liachwe, na ubongo hufundishika.

Mwaka 2009 maabara ya Nina Kraus, katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, ilieleza kuwa wanamuziki walielewa sentensi kwenye kelele vizuri zaidi kuliko wasio wanamuziki. Mwaka 2012 Zendel na Alain, watafiti wa Canada, waliona kwamba mwanamuziki wa miaka 70 kwa wastani huelewa maneno kwenye kelele sawa na asiye mwanamuziki wa miaka 50. Miaka 20 mizima!

Wako wataalamu waliopima wasione tofauti hiyo, na wako wanaouliza kama si wenye masikio mazuri ndio wanaoupenda muziki tangu mwanzo. Hoja hiyo ni nzito, nami siikwepi. Lakini huko Toronto wazee waliingizwa kwaya kwa wiki 10 tu, na utafiti uliotolewa mwaka 2019 ukaonyesha kuwa uwezo wao wa kuelewa usemi kwenye kelele uliongezeka.

Wala mimi sishangai. Anayeimba sauti ya pili hana budi kuishika yake huku ya kwanza ikipaa ubavuni na besi ikinguruma nyuma. Akiteleza kidogo, amebebwa na jirani. Je, si mtihani uleule wa Diamond Plaza?

Tamasha la Muziki la Kenya limekuwapo tangu 1927, kwa hiyo kuimba si jambo geni katika shule zetu. Kinachonisikitisha ni mwalimu kuteua sauti chache za kushinda kikombe, kisha wenzao wote wakaambiwa hawajui kuimba. Mtoto anayekosea noti ndiye hasa anayehitaji mazoezi.

Tena tusidanganyane kwamba kila muziki ni shule. Shirika la Afya Duniani linaonya kwamba sauti ya desibeli 80 isizidi saa 40 kwa wiki, na kadiri sauti inavyopanda ndivyo saa hizo zinavyopungua upesi. Vinyweleo vya sikio la ndani vikishakufa havioti tena. Spika iliyo chini ya kiti cha matatu haimfundishi mtoto kusikiliza. Inamnyang'anya alichozaliwa nacho.

Basi wazazi, mpelekeni mtoto kwenye kwaya, tabla, kinanda au ngoma, chochote mnachokimudu, na babu yake mkamwombee nafasi kwenye besi. Na mkipanda matatu, mwambieni kondakta apunguze sauti.