Daktari wa Karema na mimi mjanja wa mjini

Hebu niwape mchapo wa Mpanda. Nilikwenda kumsalimia shangazi, siku ya tatu homa ikanikaba. Mtoto wa mjini bwana! Nikajipima kwa kiganja, nikameza vidonge viwili vilivyobaki mfukoni, nikajifunika blanketi. Usiku nikaanza kuongea na ukuta.

Asubuhi shangazi akanikokota hadi zahanati. Tone moja la damu: malaria, tena imepanda. Njiani akanipasha: "Mwanangu, hujasikia habari za Atiman?"

Mwenzenu sikuwa nazo. Adrian Atiman alizaliwa nchi ya Mali ya leo, akatekwa utumwani akiwa mtoto. Wamisionari wakamkomboa, wakampeleka Malta kusomea udaktari. Mwaka 1889 akafika Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, akatibu watu hapo mpaka alipofariki 1956. Miaka 67! Vita Kuu zote mbili zilimkuta Karema. Na ile ya 1914 hadi 1918, jamani, wapagazi walikufa kwa maelfu, na waliomalizwa na kuhara, malaria na maradhi mengine ni wengi kuliko waliopigwa risasi.

Hao walikuwa vitani, wamebeba mizigo, dawa hakuna. Mimi je? Kipimo kiko hatua chache kutoka kitandani, nami nalala nahesabu mabati!

Washikaji, homa ikibisha hodi, nenda kapime. Usijifanye daktari. Atiman mwenyewe ilibidi asome kwanza.