Sanaa ifundishwe kwa tezo, si kwa chaki peke yake

Mwezi Machi 2024 Serikali ilitangaza tahasusi mpya 49 za kidato cha tano na cha sita, zikiongezwa juu ya 16 zilizokuwapo. Miongoni mwa makundi ya tahasusi hizo limo kundi la sanaa. Kwa hatua hiyo taifa limekiri hadharani kwamba kijana mwenye kipaji cha kuchora, kuchonga, kupiga ngoma au kuigiza anastahili heshima ileile anayopewa mwenzake wa fizikia au uchumi. Hatua hiyo inastahili pongezi. Hata hivyo, swali kubwa lililo mbele ya walimu na maofisa elimu bado halijajibiwa: je, masomo hayo yatafundishwa kwa mikono, au yatageuzwa kuwa maelezo ya kunakiliwa ubaoni na kukaririwa usiku wa kuamkia mtihani?

Ni vigumu kupata mahali panapolidhihirisha swali hilo kuliko Chiwata, wilayani Masasi, kwenye uwanda wa juu wa Makonde unaoendelea hadi Newala. Katika uwanda huo sanaa si kitu cha kuagizwa kutoka mbali. Wanaume huchonga, wanawake hufinyanga vyungu kwa mikono bila gurudumu, na vinyago vya midimu hutoka kucheza wakati wa sherehe za jando na unyago. Sindimba, ngoma ya Wamakonde, ilivuka mipaka ya kusini ikajulikana nchi nzima. Mwaka 1906 mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule alipita Masasi na Newala akiwa na mashine ya kunasa sauti na kamera ya sinema. Alinasa nyimbo na ngoma, akakusanya vinyago na kuvipeleka katika jumba la makumbusho la Leipzig. Wageni, basi, walikwisha kuitambua thamani ya kazi hizo zaidi ya karne moja iliyopita. Shule ndizo zilizochelewa.

Taifa lenyewe nalo limeonyesha kwamba linaijua thamani hiyo. Mwaka 1984 kinyago cha Kimakonde kiliibwa kutoka Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, kikaja kuonekana katika Makumbusho ya Barbier-Mueller mjini Geneva, Uswisi. Baada ya mazungumzo ya miaka mingi, kinyago hicho kilirejeshwa nchini mwezi Mei 2010. Ilikuwa haki kukidai, na ilikuwa fahari kukipokea. Lakini taifa linalovuka bahari kudai kinyago kimoja kilichokwisha kuchongwa haliwezi kutazama tu huku ujuzi wa kukichonga ukikosa mrithi. Kinyago kilichoibwa kinaweza kurudishwa. Ujuzi uliozikwa pamoja na mzee hakuna mkataba utakaourudisha.

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere aliikosoa shule iliyomfundisha mtoto kuamini kwamba maarifa yote ya maana yamo vitabuni au vichwani mwa wasomi, na hivyo kumdharau mzee wa kijijini aliyejaa ujuzi. Ukosoaji huo unaihusu sanaa kuliko somo jingine lolote. Wachongaji walioipa Tanzania jina duniani hawakufunzwa kazi hiyo darasani. Samaki Likankoa, anayetajwa kuwa mwanzilishi wa mtindo wa shetani katika miaka ya 1950, hakuusoma mtindo huo kitabuni. George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005, alijifunza kuchonga kwa wazee wake wa kusini kabla ya kujiunga na Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, na mwaka 1978 kazi zake zilikuwa zimekwisha kuonyeshwa Washington, Marekani.

Wako wanaodhani kwamba kazi ya mikono haina elimu ndani yake. Na wamtazame mchongaji akiwa kazini. Kwanza hulichunguza gogo la mpingo, alijue lilivyopinda, ajue ufa uko wapi, na ganda jeupe linaishia wapi ili kiini cheusi kianze. Hukata umbo kwa tezo, hulifuata kwa patasi, hulisawazisha kwa tupa, kisha hulipiga msasa. Katika mtindo wa ujamaa, watu wengi hubebana katika gogo moja bila kiungo wala gundi; kosa la pigo moja huharibu kazi ya majuma kadhaa. Humo mna vipimo, mna elimu ya miti, na mna uamuzi. Kijana atakayetambua kwamba mpingo huchukua miaka 70 au zaidi kukomaa hatahitaji kuhubiriwa juu ya kupanda miti. Atakuwa amekwisha kuona kwamba bila mche wa leo mjukuu wake hatakuwa na gogo.

Kwa hiyo shule zenye kidato cha tano na cha sita katika wilaya hiyo hazina sababu ya kungoja vifaa kutoka ng'ambo. Zina mafundi majirani. Kinachowazuia mafundi hao kuingia darasani si ukosefu wa ujuzi, bali ni ukosefu wa cheti. Kizuizi hicho kina dawa. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani VETA, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya vyuo, na kwa utaratibu huo waashi, maseremala na mafundi magari wamepimwa kwa kazi zao na kupewa vyeti. Mchongaji, mfinyanzi na mpiga ngoma nao wapimwe vivyo hivyo, kisha halmashauri ziwalipe kwa saa wanazofundisha, bega kwa bega na mwalimu mwenye somo. Mwalimu ataleta historia, nadharia na mpango wa masomo. Fundi ataleta mkono. Walimu waliohitimu Butimba na wasanii waliofunzwa Bagamoyo hawatapungukiwa heshima kwa ushirikiano huo. Mzigo wao utapungua.

Ipo hofu ya haki ambayo haifai kupuuzwa. Midimu ni mambo ya jando na unyago, na si kila siri ya mila ni ya kuanikwa ubaoni. Wazee waulizwe kwanza, na watakachokikataza kiachwe. Masasi si wageni wa mashauri ya namna hiyo. Mwanzoni mwa karne iliyopita wamisionari wa UMCA, waliokuwa na kituo pia Chiwata, walijadili iwapo jando lifutwe au lihifadhiwe. Vincent Lucas, aliyekuja kuwa Askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, alichagua njia ya kulihifadhi na kulipa sura ya Kikristo. Mtu anaweza kukubaliana au kutokubaliana na uamuzi huo, lakini unaonyesha kwamba mila na shule zimewahi kukaa pamoja zikasikilizana. Aidha, wasichana wasifungiwe katika ufinyanzi peke yake. Mwenye kupenda tezo apewe tezo.

La mwisho ni mtihani, maana shule hufundisha kile kinachotahiniwa. Alama za sanaa zikitoka katika karatasi peke yake, tezo litakaa kabatini na ngoma itaning'inia ukutani kama pambo. Sehemu kubwa ya alama itokane na kazi aliyoifanya mwanafunzi kwa miaka miwili: kinyago alichochonga, chungu alichochoma, mchezo aliouigiza mbele ya wanakijiji. Wanakijiji ndio watahini wakali kuliko wote, kwa kuwa wanaijua kazi.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Kijana wa Chiwata anayo haki ya kucheza kwao, na kutunzwa kwa alama, kwa cheti na kwa ajira. Tangazo la mwaka 2024 limemfungulia mlango. Wajibu wa maofisa elimu na wakuu wa shule ni kuhakikisha kwamba fundi aliyemlea naye anapita katika mlango huohuo.