Mbwa Wetu wa Ulinzi na Siku ya Chanjo



Ndugu wasomaji, baada ya kumshukuru Allah (s.w.) na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), leo tunaomba mtuvumilie. Mmezoea kusoma kwetu habari za malezi, za mahari, na za watoto wanaotoroka madrasa. Leo tunazungumza habari ya mbwa. Tunajua wapo watakaoacha kusoma hapa hapa. Tunawaomba wasiache, hasa wale wenye mbwa nyuma ya nyumba ambaye hawapendi kumtaja mbele ya watu.

Maana ukweli ni kwamba tunao. Hapa Nyamirambo, na zaidi huku juu mlimani ambako nyumba zimeachana, si familia chache za Kiislamu zenye mbwa wa ulinzi. Ukiuliza utaambiwa, "Huyo ni wa zamu," yaani wa mlinzi wa usiku, au, "Ni wa jirani, anakuja kula tu." Sisi wenyewe tulisema hivyo hivyo kwa mwaka mzima.

Wetu anaitwa Bobi. Tulipewa akiwa mdogo, baada ya wezi kuingia mara mbili katika uwanja wa madrasa. Mara ya kwanza walichukua mabomba ya maji, mara ya pili spika na mikeka. Akakua, akawa mbwa mwenye papara isiyo na mfano. Mtu akigonga lango, yeye huzunguka kama pia, huruka, huvuta kamba mpaka anakohoa. Tukafurahi, tukasema huyu ndiye mlinzi. Wala hatukujua kwamba mbwa ambaye hajiwezi kwa papara si lazima awe jasiri, na mara nyingi ni mwoga.

Kwa miaka miwili hakuna mtu aliyemgusa. Watoto waliambiwa ni najisi, wakaelewa kwamba ni wa kupigwa mawe. Chakula alitupiwa kutoka mbali. Mlinzi ndiye aliyemhamisha jioni kutoka kwenye mti hadi langoni, kwa kumvuta. Nje ya lango hakuwahi kutoka.

Basi ikatangazwa siku ya chanjo, na veterineri wa sekta akataka kila mwenye mbwa amlete. Vijana wetu wawili wakamfunga Bobi kamba ya katani shingoni, wakamburuta barabarani. Jua kali, pikipiki zinapita, mbwa wengine kumi na zaidi wamejazana mahali pamoja na wote wanabweka. Zamu yake ilipofika kijana mmoja akamkandamiza shingo chini, mwingine akamkalia kiunoni. Akajipinda, akachomoa kichwa katika kamba, akakimbia kuteremka. Njiani alikuwako mtoto wa miaka tisa, mwanafunzi wetu wa Juzuu Amma, anatoka dukani na mkate. Bobi akamuuma mguu nyuma, kwenye nyama ya muundi.

Alhamdulillah, jirani mmoja alijua la kufanya. Alimweka mtoto chini ya bomba, akausafisha mguu kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa robo saa nzima, mtoto analia, sisi tumesimama kama miti. Kisha akapelekwa hospitali, akaanza kuchomwa sindano, na akaambiwa arudi kwa nyingine katika wiki zilizofuata. Jioni mama yake akaja mlangoni kwetu. Hakutukana. Aliuliza neno moja tu: "Ustadhi, mbwa wenu amechanjwa?"

Tumesomesha miaka zaidi ya ishirini, tumejibu maswali mengi ya wazazi. Lile hatukuwa na jibu lake.

Daktari alitueleza kwamba mbwa asiuawe, afungwe na kuangaliwa siku 10. Mbwa akiwa tayari anaambukiza kichaa kwa mate yake siku ile alipouma, basi ndani ya siku hizo ataugua na kufa. Akibaki mzima, hakuwa na ugonjwa wakati ule. Tulizihesabu siku zile. Kila asubuhi kabla ya Alfajiri tulitoka na tochi kumtazama kama anakunywa maji. Hatukumbuki kama tuliwahi kumtazama kabla ya hapo. Siku ya kumi na moja alikuwa anaruka na kuzunguka kama kawaida yake, na mtoto, kwa rehema ya Allah, hakupata dhara zaidi ya kovu.

Ndugu zangu, ugonjwa huu si wa kuchezewa. Dalili zikishaonekana kwa mtu, tiba hakuna, na karibu kila aliyefika hapo hufa. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu wapatao 59,000 kufa kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na wanne katika kila kumi ni watoto walio chini ya miaka 15. Karibu wote, 99 kwa 100, waliupata kwa mbwa. Na kinga imejulikana tangu mwaka 1885, pale Louis Pasteur alipomchanja mtoto aliyeumwa na mbwa huko Ufaransa. Wataalamu wanasema wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100 wa mahali, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Kwa hiyo mbwa mmoja aliyeponyoka kamba siku ya chanjo ni pengo katika ukuta wa mtaa mzima, na pengo lile lilikuwa letu.

Sasa tuje kwenye udhuru tunaousikia sana: "Ustadhi, mbwa ni najisi, nitamshikaje?" Kwa madhehebu yetu ya Shafi, ndiyo, mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Ndugu zetu wa Maliki wana kauli nyingine, kwamba mbwa aliye hai ni tohara. Lakini hata kwetu, kikavu kikigusa kikavu hakuna najisi inayohama. Vaa glavu, vaa kanzu kuukuu ya kazi, mshike akiwa mkavu, na mate yakikupata osha kama ulivyofundishwa. Shida iko wapi? Mtume (s.a.w.) alikataza kufuga mbwa bila haja, akawatoa katika katazo hilo mbwa wa mifugo, wa shamba na wa mawindo, na wanavyuoni wengi wamempimia hapo mbwa wa kulinda nyumba. Ruhusa tumeipokea haraka sana. Wajibu unaokuja pamoja na ruhusa ndio tunaoukwepa. Sote tunawasimulia watoto habari ya yule mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake, akakishika kwa meno, akapanda, akamnywesha mbwa mwenye kiu, naye Allah akamsamehe. Tunaisimulia vizuri, mpaka machozi. Kisha tunatoka darasani na kumrushia Bobi ugali kwa mbali.

Baada ya mkasa ule tulimwendea yule yule veterineri, tukamwomba radhi kwa fujo, tukamuuliza tufanye nini. Alicheka kidogo, akasema tulimleta mbwa vitani bila kumfundisha. Aliyotuambia, na mengine tuliyojifunza wenyewe kwa miezi iliyofuata, tunayaweka hapa kwa faida ya wenye mbwa kama wetu.

Kwanza ni mkono. Mbwa ambaye hajaguswa na mtu, siku anaposhikwa na mtu asiyemjua mwenye sindano, yeye anaona anauawa. Tulianza na kumwita, na kumpa ndagala mmoja kutoka mkononi wenye glavu. Ilichukua wiki nzima kabla hajakubali kula bila kunyakua. Kisha kumgusa bega mara moja na kumpa ndagala. Kisha sikio, kisha mguu, kisha kuinua ngozi ya shingo kidogo, kwa kuwa chanjo huchomwa chini ya ngozi na hapo ndipo daktari hushika. Sekunde mbili au tatu tu, unaacha kabla hajachoka. Akigeuza kichwa, akijiramba midomo bila chakula, akipiga miayo, akibana mkia, basi umemharakisha, rudi nyuma. Sisi tulidhani miayo ni usingizi.

Na hapa tuseme neno juu ya fimbo. Wapo wanaompiga mbwa akinguruma. Mngurumo ni onyo, anakuambia niache. Ukimpiga ataacha kunguruma, lakini hofu haijamtoka, na siku nyingine atauma bila kukuonya. Sisi walimu tunaijua habari hii kwa watoto pia, ila tuendelee na mbwa.

Pili ni njia. Bobi hakuogopa sindano peke yake, aliogopa barabara. Tulimnunulia mkanda wa shingoni unaomkaa sawasawa, vidole viwili vinapita chini yake na kichwa hakichomoki, tukaanza kumtoa nje ya lango hatua kumi, ndagala, kurudi. Majirani walitucheka. Mzee mmoja wa msikitini alituuliza kama siku hizi tunamfundisha mbwa Qur'an. Tukamjibu kwamba Bobi bado yuko kwenye alifu.

Tatu ni mdomo. Kosa kubwa tunaloliona siku za chanjo ni mbwa kufungwa mdomo kwa kitambaa au kamba tangu nyumbani, na kusimamishwa juani saa nzima. Mbwa hajipozi kwa jasho kama sisi, hujipoza kwa kutweta na ulimi nje. Ukimfunga mdomo juani unaweza kumuua kwa joto. Bora ni kile kifungio cha umbo la kikapu, kinachomwacha atwete na kunywa. Nacho kinazoezwa nyumbani: unaweka chakula ndani yake, yeye mwenyewe anatia pua, kwa siku nyingi, ndipo unafunga kidogo kidogo.

Nne ni ziara zisizo na sindano. Tulimpeleka kwa veterineri mara tatu bila jambo lolote. Anafika, ananusa ukuta, anapewa ndagala na daktari mwenyewe, anarudi. Mara ya kwanza alitetemeka mlangoni hata hakula. Mara ya tatu aliingia akitangulia.

Tunajua kuna watakaosema, "Nani ana muda huo? Watafute vijana watatu wenye nguvu, dakika moja imekwisha." Tunapingana nao. Dakika ile moja mbwa haisahau, na mwaka unaofuata mtahitaji vijana watano. Wengine wamefika kusema atiliwe sumu apatikane mwingine mtulivu. Huyo mwingine naye atakuwa mwoga ukimlea vile vile. Mwenye kupata mbwa mdogo ana bahati, kwa kuwa kati ya wiki ya tatu na kama ya 14 hivi mbwa huzoea watu na mambo kwa wepesi sana. Asiupoteze wakati huo kwa kumfunga nyuma ya choo.

Kama mbwa wako amezidi, haguswi kabisa, mweleze daktari wa wanyama siku kadhaa kabla. Anaweza kuja nyumbani, au akakupa dawa ya kumtuliza ya kumpa kabla ya kutoka. Lakini usimpe vidonge vya binadamu kwa kukisia. Hata hivi vya kutuliza maumivu tulivyo navyo kila nyumba vinaweza kumuua mbwa.

Mwaka uliofuata tulikwenda mapema, kabla ya msongamano, tumbo lake likiwa halijajaa, tukiwa tumemtembeza kwanza mpaka papara imepungua. Tulisimama mbali na mbwa wengine, chini ya kivuli. Tulimwomba veterineri asimpandishe mezani maana meza inateleza, akakubali kumchoma akiwa amesimama chini. Mmoja wetu alimpa ndagala mbele, sindano ikaingia nyuma ya shingo. Msidhani alitulia kama mwanakondoo. Alitetemeka, alijikojolea, na kanzu yetu ya kazi ilipata sehemu yake, tukaenda kuosha mara saba. Lakini hakuna aliyekaliwa, hakuna aliyeumwa, na karatasi ya chanjo tukatoka nayo mkononi.

Tumeitundika ofisini, karibu na ratiba ya masomo, ili mzazi yeyote aingiaye aione bila kuuliza. Mama wa yule mtoto aliisoma tarehe mara mbili. Mtoto mwenyewe amefika Surat Yasin sasa, na bado hupita upande wa pili wa uwanja Bobi akiwa amefungwa kwenye mti. Hatumlazimishi. Tumemwambia tu kwamba mawe yamekatazwa, na kwamba siku akitaka kumpa ndagala kwa mbali, sisi tutakuwa tumeshika kamba.

Kila tarehe 28 Septemba huwa ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Mwaka huu inshaallah tunakusudia kwenda na familia nne za jirani zetu wenye mbwa, tukipeana nafasi asubuhi, mmoja baada ya mwingine. Wanaotaka kuanza kuwazoeza mbwa wao watukute madrasa Jumamosi baada ya Asri. Ndagala mje nazo wenyewe.

Wabillahi tawfiq.