Sehemu ya 5: Bahari ya dirishani si yako, mama

Niliahidi leo tungeongea mikopo ya benki. Subirini kidogo, kuna jambo limenikera wiki hii na nikiliacha sitalala.

Juzi kliniki, mama mmoja, ujauzito wa miezi saba, mtoto wa pili. Nimemaliza kumpima presha akatoa simu. "Sista, hebu ona nyumba yetu." Nikaona. Picha ya kuchorwa na kompyuta: nyumba nyeupe, majani kama zulia, nyuma yake bahari mpaka macho yanachoka. Nikamuuliza, kiwanja kina ukubwa gani? Akacheka. "Sijui sista, ila bahari unaiona ukiwa jikoni." Mmeshatoa hela? "Arbuni tunapeleka mwisho wa mwezi, wamesema zimebaki nyumba 3 tu."

Jamani, nyumba 3 tu! Hata mimi niliambiwa zimebaki 3. Hiyo ni miaka 7 iliyopita.

Ilikuwa upande wa Kigamboni, nyumba za mradi, kampuni siitaji. Bei milioni 120, arbuni milioni 12. Milioni 4 zilitoka kwenye kikoba changu, nyingine mume wangu alikopa kazini. Tulipelekwa saiti Jumamosi ya Januari, jua kali, ardhi kavu, upepo wa bahari unapiga mpaka khanga inataka kuruka. Mimi nina mimba, nimechoka na chumba cha kupanga, nikasimama pale nikaona maji yanang'aa. Basi. Mtu akikuonyesha bahari ukiwa na mimba na kodi ya miezi sita inakusubiri, atakuuzia hata boti bovu. Tukasaini siku ileile.

Karatasi ilisema kiwanja mita za mraba 400. Msingi ulipopandishwa, shemeji yangu ambaye ni fundi akaja na tepu. 16 kwa 20. Piga hesabu: 320. Mita 80 zimeyeyuka, yaani vyumba vitano vya 4 kwa 4! Tulipouliza tukajibiwa eti zile 400 zilijumlisha "sehemu yetu ya barabara". Na mbele yetu, kule kwenye bahari yangu, ramani ilikuwa imeandika kwa herufi ndogo "awamu ya pili". Awamu ya pili ilikuwa ghorofa 3. Tukataka kujitoa. Mkataba ulisema arbuni hairudishwi kwa sababu yoyote ile. Baada ya mwaka mzima na wakili, tulipata 5 kati ya 12.

Sasa wapo watakaoniambia: nesi, baki na sindano zako, mambo ya viwanja waachie wenye viwanja. Nawajibu. Mtoto akiletwa saa nane za usiku, macho yameingia ndani, anahara tangu jana, nani anampokea? Dalali? Mimi ndiye ninayetafuta mshipa kwenye mkono mdogo kama kidole changu. Kwa hiyo ukubwa wa kiwanja chako ni kazi yangu pia.

Hebu tuliangalie hili vizuri. Nyumba nyingi mpya za pembezoni mwa Dar hazina bomba la maji taka la mji. Kila nyumba ina karo lake uani. Na kwa kuwa maji ya bomba nayo yana siku zake, watu wanachimba visima. Sisi wa afya tunafundishwa kwamba kisima na shimo la choo viachane angalau mita 30. Haya, chukua kiwanja cha mita za mraba 400, mraba safi wa 20 kwa 20. Kutoka kona mpaka kona ni mita 28 na kidogo. Umeelewa? Hata ukiweka kisima kona hii na karo kona ile, katikati ukabomoa nyumba usiishi mtu, bado mita 30 hazifiki! Kile changu cha 16 kwa 20 hakikufika hata 26. Na bado karo la jirani lipo nyuma ya ukuta, yeye naye kabanwa vilevile. Kisima kirefu kilichojengewa vizuri kina afadhali, sikatai, lakini muulize muuzaji kimeenda mita ngapi uone anavyoangalia pembeni.

Hapo sijasema pa kuanika nepi. Sijasema pa mtoto kutambaa, wala gari linalorudi kinyumenyume kwenye ua ambao mlango wa jiko unafungukia hapohapo. Muuzaji hakuchorei hayo. Anakuchorea nyasi.

Mandhari nayo, tusidanganyane. Hati miliki ya nchi hii inaandika namba ya kiwanja, kitalu, ukubwa, mipaka na miaka, 33 au 66 au 99. Sijawahi kuona hati iliyoandikwa bahari. Ukilipia mita 400, mita 400 ni zako unaweza kuzidai. Ukilipia kuona maji, umelipia hewa iliyo juu ya kiwanja cha mwenzio, na mwenzio siku akipata hela atajenga. Huna pa kumshitaki.

"Sista, sisi tuko mstari wa mbele kabisa, hakuna wa kutuziba." Hapo ndipo naogopa zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto. Mita 60! Kwa hiyo nyumba ambayo haiwezi kuzibwa huenda ndiyo nyumba ambayo haikutakiwa kuwepo. Waulizeni watu wa bonde la Msimbazi. Mafuriko ya Desemba 2011 yalipowatoa, serikali ikawapeleka baadhi yao Mabwepande. Halafu mwishoni mwa 2015 zikaja alama nyekundu za X ukutani, na tingatinga nyuma yake. Kuna waliokuwa na watoto wachanga siku ile. X haiulizi kama umemaliza kulipa.

Sisemi dirisha halina maana. Mama aliyejifungua anahitaji mwanga na hewa, nyumba yenye giza inamla mtu taratibu, nimewaona. Lakini mwanga na upepo unavipata kwa madirisha yanayotazamana na ukuta wa jirani kukaa mbali, na hilo tena ni suala la ukubwa wa kiwanja. (Na upepo wa bahari unakula mabati na nondo za madirisha, hilo nalo halipo kwenye picha.)

Tuje kwenye arbuni, maana hapa ndipo wanapotumaliza. Watu wanaiita kishika uchumba, tunacheka. Basi tuichukulie kama uchumba kweli: posa ina masharti pande zote mbili. Kabla hujatoa hela wewe ndiye bibi harusi, unapigiwa simu asubuhi na jioni, "mama umeamkaje". Ukishatoa, simu yako haipokelewi. Ile hela ikiwa bado kwenye pochi ndiyo nguvu pekee uliyonayo, na wewe unaikimbiza kwao kwa sababu zimebaki nyumba 3!

Mkataba usioandika arbuni inarudi lini, usisaini. Uandikwe kwamba kiwanja kikipungua, au funguo zikichelewa zaidi ya tarehe fulani, hela inarudi yote. Wakikataa kuandika wamekujibu tayari. Hela iende akaunti ya kampuni, risiti ipatikane, si kwenye namba ya simu ya kijana aliyekupeleka saiti. Kabla ya hapo mtu akafanye upekuzi ardhi kujua hati ina jina la nani na kama imewekwa rehani. Na kwenye mkataba na risiti majina yawe mawili. Sheria ya Ndoa ya 1971 inazuia nyumba ya ndoa kuuzwa au kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi, lakini nyumba yako haijajengwa, mama. Kwa sasa una karatasi tu, na kwenye karatasi wewe ni lile jina lililoandikwa. Kama kikoba chako kimeingia, jina lako liingie.

Na saiti usiende Januari. Nenda Aprili, masika yamekolea, siku ya pili baada ya mvua kubwa. Vaa mabuti. Muulize mama ntilie wa pale maji yanafika wapi, usimuulize dalali.

Yule mama wa kliniki nimemwambia yote haya, akanuna kidogo. Jana usiku kanitumia ujumbe: mume wake amekubali arbuni isubiri. Jumamosi nikitoka zamu tunaenda wote watatu. Tepu ya shemeji nimeshaiazima, ile ndefu ya mita 50.