Laini ya Ofisi ni ya Nani?

Wadau, juzi kati jamaa yangu mmoja alinipigia simu usiku, hasira zimemjaa. "Mwandishi, naomba unisaidie kuandika habari. Mfanyakazi wangu kaniibia laini ya ofisi!"

Jamaa huyu ana kampuni ndogo ya kuchapisha mabango na fulana hapa Dar. Wafanyakazi sita tu, yeye akiwemo. Namba ya simu ya ofisi iko kwenye kibao cha mlangoni, kwenye kadi zote alizogawa, na imechorwa ubavuni mwa bajaji ya kupelekea mizigo. Wateja hupigia namba hiyo, hutuma michoro kwa WhatsApp ya namba hiyo, na hulipa malipo ya awali kwa namba hiyo hiyo. Kwa kifupi, namba ndiyo kampuni. Ukiihamisha ofisi mtaa wa pili wateja watakufuata, lakini ukibadili namba umeanza upya.

Sasa dada aliyekuwa mapokezi ameacha kazi, na laini kaondoka nayo.

Nilikuwa upande wa jamaa mpaka nilipouliza swali moja dogo: laini imesajiliwa kwa jina la nani? Kimya. Halafu akajibu, "La kwake, lakini hela ya kuinunua nilitoa mimi."

Mnakumbuka mwaka 2019. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza tarehe 1 Mei, ukataka namba ya NIDA, na watu wengi hawakuwa nayo. Mwisho uliwekwa tarehe 31 Desemba, ukasogezwa hadi 20 Januari 2020. Foleni zilivyokuwa sina haja ya kuwasimulia. Katika haraka ile, jamaa yangu hakuwa na namba ya NIDA, dada wa mapokezi alikuwa nayo. "Dada, weka wewe kidole, tutabadilisha baadaye." Baadaye hiyo haijafika hadi leo.

Nikamtafuta yule dada. Hakuwa mwizi niliyeelezwa. "Kaka, nilimwambia mara tatu tukabadilishe jina. Kila siku ananiambia wiki ijayo. Halafu nimeondoka ananidai laini, na mimi namdai mishahara ya miezi miwili. Hela za wateja zilizoingia sijagusa hata shilingi."

Hapo ndipo nilipoona kwamba tumezoea kulisikiliza jambo hili kwa sikio moja. Waajiri wanalalamika kuibiwa laini. Ni kweli inatokea, na inauma. Lakini nani anazungumzia yule aliyekiazima kidole chake? Miaka yote ile, kila mtu pale ofisini alikuwa akiishika ile simu: fundi, dereva wa bajaji, hata mdogo wake bosi aliyekuja likizo. Namba ya siri ya kutolea pesa ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya wino nyuma ya kalenda. Mmoja wao angemtapeli mteja kupitia namba ile, polisi wangeanza kwa nani? Wangeanza kwa jina linalotokea kwenye usajili. Dada wa mapokezi, mwenye mshahara mdogo kuliko wote, ndiye aliyekuwa amebeba mzigo wa wote.

Naomba nieleweke. Sisemi mfanyakazi akiondoka achukue namba ya biashara kama kiinua mgongo. Pesa ya mteja ni ya kazi ya mteja, na mshahara una njia zake za kudaiwa. Ninachosema ni kwamba bosi anayesajili laini ya kampuni kwa kitambulisho cha mfanyakazi amekwisha kumkosea mfanyakazi huyo kabla hajakosewa yeye.

Na dawa yake si ngumu. Kampuni inaweza kusajili laini kwa jina lake yenyewe. Inapeleka cheti cha usajili, TIN na barua ya kumtambulisha mwakilishi, ambaye naye huthibitishwa kwa alama za vidole. Tofauti yake ni kwamba mwakilishi anasimama pale kwa niaba ya kampuni, si kwa niaba ya mama yake. Akiondoka, inaandikwa barua nyingine ya kumtambulisha mwingine.

Kisha yafuate mambo ambayo wengi hatuyafanyi. Wawepo watu wawili, si mmoja wala kumi, wanaotambulika kwa mtoa huduma kuwa wana ruhusa ya kurudisha laini iliyopotea, kuomba namba mpya au kufunga. Kupokea simu ni jambo moja, kubadilisha chochote kwenye akaunti ni jambo jingine. Dereva anahitaji kuongea na mteja, hahitaji namba ya siri ya pesa. Liwepo daftari: namba ipi, iko kwa nani, tangu lini, inaruhusiwa kufanya nini. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari, na wao hawakuwa hata na simu.

Na siku mtu anapoondoka, iwe kwa ugomvi au kwa keki na picha, siku hiyo hiyo jina lake litolewe, namba ya siri ibadilishwe, na vifaa vilivyounganishwa kwenye WhatsApp vikaguliwe. Vifaa vinne vinaweza kuunganishwa na akaunti moja. Wewe umenyang'anya simu, kumbe kompyuta yake nyumbani bado inasoma oda zako. Wekeni pia namba ya siri ya pili ya WhatsApp, maana bila hiyo, anayeshika laini anapokea ujumbe wa uthibitisho na akaunti inakuwa yake.

Tusisahau na wateja. Majina, namba na michoro yao vimo mle. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inayofanya kazi. "Simu alikuwa nayo dereva" si jibu la kumpa mteja.

Kwako kijana mwenzangu uliyetoka chuo na kupata kazi ya kwanza: bosi akikuomba kidole, mjibu kwa heshima, "Bosi, niko tayari kuwa mwakilishi wa kampuni, naomba barua." Kama ulishaweka zamani, piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Unaweza kukuta umeajiriwa mahali uliposahau.

Jamaa yangu na yule dada waliishia kukaa meza moja. Akalipwa mishahara yake, naye akakabidhi hela za wateja zote, kisha wakaenda pamoja dukani kwa mtoa huduma kuhamisha jina. Ilichukua asubuhi moja tu. Asubuhi moja iliyosubiriwa kwa miaka!

Je, laini ya ofisini kwenu ina jina la nani? Nawasilisha.